Picha za Baba, Studio ya Kisumu na Ziwa Lililopakwa Buluu

Mwezi uliopita nilipanda matatu hapa Ahero na sanduku la bati mapajani, nikashuka Kisumu, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitenge. Huko vijana wawili wamefungua studio ya kuskani, kusafisha na kuchapisha picha za zamani. Nilikuwa na picha 34 na negativu 9. Jina la studio sitaliandika. Kuna kosa walilofanya ambalo nitalieleza kwa kirefu, na walilirekebisha bila kunitoza hata shilingi, kwa hiyo sioni haki liwafuate miaka yote. Lakini kama una picha za wazee ndani ya nyumba, na hasa kama ni picha za maji, mabwawa, mifereji au ziwa, soma kabla hujaziacha mezani kwa mtu yeyote, awe Kisumu, Nakuru au Kakamega.

Kwanza nieleze picha zenyewe. Baba yangu alikuwa mshika cheni. Mpimaji wa ardhi anasimama nyuma ya theodoliti yake, kile kifaa cha kupimia pembe, cha miguu mitatu. Mshika cheni ndiye anayetembea. Anavuta cheni ya chuma kutoka kigingi hadi kigingi, anasimamisha ile fimbo ndefu yenye namba, anafyeka kichaka kinachomziba mpimaji macho. Mwaka 1961 Baba alikuwa Nakuru. Kuanzia 1966 alirudi huku kwetu, uwanda wa Kano karibu na Kisumu, wakati mashamba ya mpunga ya Ahero yalipoanza kutengenezwa, na alikuwapo mpaka maji ya mto Nyando yalipoinuliwa kwa pampu na kuingizwa mifereji. Mpimaji mmoja alipokuwa akihama alimwachia kamera. Ndiyo maana sisi, watoto wa mshika cheni, tuna picha za kazi ambayo kwa kawaida ilipigwa picha na mabosi tu.

Nilipofika, kijana wa mezani alinisalimia vizuri, akaniita Mama, akanivutia kiti. Hakulishika sanduku kabla ya kunawa mikono na kuikausha. Nilimwangalia nikatulia. Miaka ya nyuma nilipeleka picha ya marehemu mama kwenye duka lingine, wakaiweka laminati bila kuniuliza. Ile mashine ni ya moto. Plastiki iligandamana na uso wa picha, na sasa ukitaka kuitoa unamtoa na mama. Kwa hiyo naomba sana: picha ya asili isiwekwe laminati, hata mwenye duka akikuambia ndiyo itadumu. Weka laminati nakala, ukipenda.

Picha 20 zilikuwa kwenye albamu ya kurasa za gundi, zile zilizovuma miaka ya 1970, unafunua plastiki, unabandika picha, unafunika. Tulizipenda mno albamu zile na kumbe zilikuwa zinakula picha. Gundi hugeuka kahawia, plastiki hutoa mvuke wake, picha inashika ukurasa kama ngozi. Dada yangu aliwahi kuvuta moja kwa kucha ikachanika shingoni mwa mjomba. Kijana alichukua uzi wa kusafishia meno, akaupitisha kati ya picha na ukurasa, akawa anausukuma huku na huku polepole kama msumeno mdogo. Picha moja ilimchukua karibu dakika kumi. Mbili zilikataa, naye hakuzilazimisha. Aliziskani zikiwa palepale kwenye ukurasa. Kwa kazi ile pekee ningewapa nyota tano.

Kuskani nako kulikuwa kwa kiwango. Picha za karatasi walizipitisha kwa nukta 600 kwa inchi, negativu kwa nukta 2,400, kwa sababu negativu ni ndogo na inabeba mengi ndani yake. Niliomba faili za TIFF za kuhifadhi, pamoja na JPEG za kutuma kwa simu. Uliza hili mapema. JPEG hupunguza habari za picha ili faili iwe ndogo, na kila ukiifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi tena, inapungua zaidi. Maduka mengi yatakupa JPEG pekee na hayatakuambia. Hawa walinipa zote mbili kwenye flashi yangu, na bei ilikuwa shilingi 80 kwa picha ya karatasi, 120 kwa negativu, nikalipa kwa M-Pesa. Si rahisi, lakini nimeona wanavyofanya kazi.

Sasa kosa.

Picha namba 7 ni ya Ziwa Nakuru. Baba na mwenzake wamesimama, fimbo ya kupimia katikati yao, na nyuma yao kuna uwanda mweupe unaokwenda mpaka chini ya vilima. Nilikuwa nimekubali baadhi ya picha zitiwe rangi, kwa sababu wajukuu wanapenda. Kijana akaipitisha kwenye programu ya akili mnemba. Programu ikaona uwanda laini, vilima, anga, ikakata shauri kwamba pale pana maji. Ikapaka buluu yote. Ikaweka hadi mng'ao wa jua juu ya mawimbi. Baba yangu akawa amesimama kando ya ziwa zuri kama la kadi ya posta.

Nyuma ya picha ile, kwa penseli, kwa mwandiko wake unaolalia kushoto, Baba aliandika: "Nakuru 1961. Ziwa limekauka. Tunapima mahali palipokuwa maji."

Nilipoiona kwenye kompyuta yao nilihisi mwili umekufa ganzi. Sikupiga kelele. Nilimwambia kijana aigeuze ile ya asili asome. Alisoma, akanyamaza, akasoma tena kwa sauti. Walikuwa hawajaskani nyuma ya picha hata moja. Hakuna aliyekuwa amewahi kuwaomba.

Kwa asiyelijua Ziwa Nakuru, niseme. Ni ziwa la kina kifupi, ni la magadi, na halina mto unaolitoka. Maji huingia kwa mito na mvua na hutoka kwa jua tu. Mvua zikikosekana linarudi nyuma haraka sana, na linachoacha ni magadi meupe, ambayo upepo huyapeperusha juu ya mji. Karne iliyopita lilikauka zaidi ya mara moja, na 1961 ni mmoja wa miaka hiyo. Weupe ule nyuma ya Baba ndio habari nzima ya picha. Na tangu mwaka 2010 hivi mambo yamegeuka kabisa: ziwa limepanuka kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60, lango kuu la zamani la hifadhi likafunikwa na maji, na familia za upande wa Mwariki na Baruti zikaacha nyumba zao. Watu wanapobishana leo ziwa liliishia wapi na ardhi ya nani ilianzia wapi, picha kama hii ni shahidi. Ukiipaka buluu umemfundisha shahidi kusema uongo, na mjukuu wangu angeirithi hivyo akaamini kwamba mwaka 1961 maji yalikuwapo.

Sikuwa nimemaliza. Nikaomba kuona zote walizokwisha kusafisha, moja baada ya nyingine. Kwenye namba 15, Baba yuko bandarini Kisumu mwaka 1965, ameegemea ukuta. Kwenye picha ya asili, juu ya mkono wake, kuna ukanda mweusi unaokwenda sawa ukutani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwenye nakala iliyosafishwa ukuta ulikuwa mweupe, safi kabisa. Kijana alidhani ni doa la unyevu kwenye karatasi. Lilikuwa alama ya maji ya ziwa.

Mwaka ule ule wa 1961 Baba alipokuwa akitembea juu ya magadi makavu Nakuru, mvua kubwa zilianza mwezi wa Oktoba na zikaendelea kumwagika Novemba, Afrika Mashariki nzima. Ziwa Victoria likaanza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limeinuka kwa takriban mita mbili na nusu. Wazee wa Kano na wa Dunga, ufuoni Kisumu, bado wanahesabu umri wa watu kwa mafuriko yale. Rekodi ya 1964 kwenye kipimo cha kina cha ziwa cha Jinja, Uganda, mahali Nile inapotoka ziwani, mita 13.41, ilikaa miaka 56 bila kuguswa, mpaka Mei 2020 maji yaliposoma 13.42, sentimita moja zaidi. Mwaka huo wa 2020 nilikwenda Dunga nikaona maji yamefika walipokuwa wakikaangia samaki. Kwa hiyo ukanda ule kwenye ukuta nyuma ya Baba ni wa thamani. Namjua Baba urefu wake: futi tano na inchi kumi. Naweza kukadiria maji yalifika wapi kwa kumtazama amesimama.

Kijana alirudisha faili ya kwanza ambayo haijaguswa. Ashukuriwe Mungu walikuwa wameitunza. Hili nalo uliza: je, mnatunza skani mbichi kabla ya kusafisha? Wakijibu hapana, chukua picha zako urudi nyumbani.

Lakini vijana wale walinifurahisha kwa walichofanya baadaye. Mkubwa wao alikuja, akaniomba radhi bila maneno mengi, akaagiza picha zote 34 ziskaniwe upya mbele na nyuma, bure. Faili ya nyuma walizipa namba ile ile ya mbele na herufi B, ili zisipoteane. Rangi waliifuta kwenye zote. Kisha akaniomba nikae nao saa nzima nikiwaeleza kila picha, mwenzake akiandika. Picha yenye mkunjo katikati ya uso wa mtu walisafisha mkunjo, lakini madoa ya ukutani, mistari ya ardhini, weupe wa udongo, hivyo viliachwa.

Ukutani mwao wana picha kubwa za kuuza ambazo walizipakua bure kutoka nyaraka za nje zisizodai malipo. Ndizo zilizonivuta kwanza, na bado nazipendekeza hata kama huna picha za kwenu. Ipo ya maporomoko ya Ripon pale Jinja, iliyopigwa 1936 na wapiga picha wa Jerusalem waliozunguka Afrika Mashariki mwaka huo. Mkusanyiko wao, wa Matson, uko kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Maporomoko yale huwezi kuyaona tena popote. Bwawa la Owen lilipokamilika mwaka 1954, yalimezwa. Niliitazama muda mrefu, kwa sababu ndiyo maji yetu yale, ndiyo tunayoyaona Kisumu, yakipita mlangoni kwenda Misri.

Nyingine ni za bwawa la Roosevelt, Arizona, Marekani. Sikulijua kabla ya siku ile, na sasa nimeshalisoma hadi usiku. Mwaka 1902 Marekani ilipitisha sheria ya kujenga mabwawa ya umwagiliaji kwenye majimbo yake makavu ya magharibi, na bwawa hili kwenye mto Salt lilikuwa la kwanza kati ya yale makubwa. Jiwe la msingi liliwekwa Septemba 1906, na Machi 1911 Theodore Roosevelt mwenyewe akaenda kulifungua. Serikali iliajiri mpiga picha wa kazi hiyo, Walter Lubken, aliyezunguka kwenye miradi akipiga kila hatua. Katika picha iliyo ukutani unaona ukuta wa mawe ukiinuka kati ya miamba miwili, kamba za chuma zimepita juu ya bonde zikibeba mawe, na watu chini wadogo kama siafu. Mafundi wengi wa mawe walitoka Italia. Barabara ya milimani ya kuleta vifaa ilitengenezwa kwa mikono ya Waapache, wenyeji wa nchi ile. Mji mdogo wa wafanyakazi ulizama bwawa lilipojaa.

Na jambo lililonigusa zaidi: mwaka 1996 bwawa lile liliongezwa kimo, na ukuta wote wa mawe ukafunikwa kwa zege. Leo ukienda huoni hata jiwe moja la wale Waitalia. Mawe yamebaki kwenye picha. Sasa fikiria mtu angekuwa "amezisafisha".

Nilinunua ya Ripon, ukubwa wa A3, kwenye karatasi isiyong'aa, shilingi 900 bila fremu. Uchapishaji ni mzuri, weusi ni weusi wa kweli, povu la maji halijaungua kuwa jeupe tupu. Fremu zao sikuzipenda. Mbao ni nyepesi, na picha inagusa glasi moja kwa moja. Kwa joto na unyevu wa huku ziwani picha itanata kwenye glasi kabla miaka mitano haijaisha. Omba wakuwekee kadi ya pembeni iliyokatwa dirisha, ili pawe na nafasi ya hewa. Wanayo, ila hawaitaji usipouliza. Na mahali pa kungojea ni padogo, hapana feni, mchana ni moto.

Jambo moja ambalo nimelifikiria tangu siku ile. Kwenye picha za bwawa la Marekani maelezo yametimia, mahali na hatua ya ujenzi, lakini wale watu wadogo kama siafu hawana majina. Baba hakuwa na cheo cha kupiga picha. Lakini aliipiga picha namba 22: mfereji mkuu wa Ahero ukiwa bado udongo mtupu, na wanaume wanne wameshika majembe. Nyuma aliandika majina yote manne, pamoja na kijiji cha kila mmoja. Wawili ni wa Kano, mmoja wa Nyakach, mmoja alitoka Nandi. Mwaka unasomeka 1967. Hao ndio waliochimba mfereji ambao mimi nauza mpunga wake. Nimeichapisha mbele na nyuma, zimeandamana kwenye fremu moja, iko dukani kwangu juu ya mizani. Wengine huuliza kwa nini nimetundika karatasi yenye maandishi ya penseli. Nawaambia wasome.

Ilibaki moja isiyo na maandishi yoyote, namba 31. Ni ukuta wa zege unaojengwa, mbao za kushikilia zege bado zipo, kijana amekaa juu yake miguu ikining'inia, na nyuma kabisa kuna mstari wa milima. Mama alikuwa akisema ni Nakuru. Dada yangu anasema ni Perkerra, kule Marigat karibu na Ziwa Baringo, ambako mifereji ilianza mwaka 1954 wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, siku za Mau Mau, nguvu kazi ikiwa ni ya watu waliofungwa kizuizini. Mimi nilikuwa nadhani ni Ahero ila sikuwa na ushahidi. Nilimwomba kijana anichapishie sehemu ya juu tu, ile milima, ikuzwe kadiri skani inavyoweza kuvumilia. Aliiskani upya kwa nukta 1,200, akakata, akachapisha kwenye karatasi ya A4. Hakunidai chochote. Alisema anataka kujua jibu.

Jumamosi nilitembea na karatasi ile kwenye kingo za mfereji kuanzia asubuhi. Upande wa kaskazini una ukuta wa milima ya Nandi, na ukisogea hatua mia mbili, mabonde yake yanabadilishana nafasi: moja linajificha, jingine linafunguka. Nilikuwa nainua karatasi, natazama, naendelea. Mlinda ndege wa shamba moja, mtoto wa darasa la sita, aliacha kombeo lake akaja kunisaidia. Yeye ndiye aliyeona kwanza. Alisema, "Mama, rudi nyuma kidogo," nikarudi, na lile pengo la mlima likakaa sawasawa na la kwenye karatasi, na karibu na miguu yetu palikuwa na kigongo cha zege kilichomea nyasi, kimepasuka upande mmoja.

Nilikaa juu yake. Kisha nikatoa penseli, nikageuza picha namba 31, nikaandika: "Ahero. Kigawio cha maji, mfereji mkuu. Milima ya Nandi nyuma." Mwaka niliuacha wazi. Ijumaa nitairudisha kwa vijana wale, waskani upande wa B.